Shabiki Naye ni Mtunzi: Tafakuri Kuhusu Xena na Malenga Wake

Mtambaji wa ngano za Kiswahili haanzi kusimulia hadi aitikiwe. Husema "Paukwa!" kisha akangoja. Hadhira isipojibu "Pakawa!" ngano haina mlango wa kuingilia. Sisi tuliosomea fasihi simulizi tumelikariri jambo hili tangu mihadhara ya mwaka wa kwanza: kwamba hadhira si gunia la kutiliwa maneno, bali ni mshiriki anayeuliza, anayeimba kiitikio, anayekosoa, na ambaye siku ya pili yake huichukua ngano ile ile akawasimulia wenziwe kwa namna yake. Lakini tukishatoka katika kumbi za mihadhara na kuketi mbele ya televisheni, tunayasahau tuliyofunzwa. Tunadhani kwamba hapo fanani ni kampuni tajiri ya ng'ambo, na hadhira haina kazi ila kukodoa macho. Mimi siafiki. Naamini kwamba hadithi, iwe ya kando ya moto au ya kioo cha televisheni, huishi pale tu inapopata watu wa kuipokea na kuitunga upya. Na kwamba shabiki, ambaye aghalabu tunamdharau kama mtu asiye na shughuli ya maana, ni mtunzi aliye katika uanagenzi.

Mfano nitakaoutumia ni mfululizo wa televisheni uitwao Xena: Warrior Princess. Huu ni mfululizo wa visa vya njozi uliotayarishwa na Wamarekani na kupigwa picha New Zealand. Kipindi chake cha kwanza kilionyeshwa Septemba 1995 na cha mwisho Juni 2001, jumla ya vipindi 134 katika misimu sita. Najua wapo watakaouliza kwa nini jarida la Kiswahili lijishughulishe na mwanamke wa kubuniwa anayeruka juu ya miti na kurusha silaha ya duara inayogonga kuta tatu na kumrudia mkononi. Namwomba msomaji anivumilie. Kilichonivuta kuandika makala haya ni yale waliyoyafanya watazamaji wa Xena, zaidi ya maajabu yake mwenyewe.

Kwanza, asili yake. Xena hakuzaliwa akiwa mhusika mkuu. Alijitokeza mapema mwaka wa 1995 katika mfululizo mwingine, Hercules: The Legendary Journeys, akiwa adui wa shujaa. Alikuwa ameandikiwa vipindi vitatu tu, na mpango wa awali ulikuwa afe mwishoni mwa kipindi cha tatu. Watayarishaji wakabadili nia, wakamwacha hai, na mnamo Septemba mwaka huo huo wakampa mfululizo wake mwenyewe. Aliyeigiza nafasi hiyo ni Lucy Lawless, mzaliwa wa New Zealand. Xena anayeonyeshwa humo ni mbabe wa vita wa zamani, mwanamke aliyechoma vijiji na kuua wasio na hatia, kisha akatubu na kuanza safari ndefu ya kulipia madhambi yake. Anaandamana na Gabrielle, msichana wa kijijini aliyekataa kuozwa na kukaa alikozaliwa, na ambaye anapenda hadithi kuliko chakula. Nafasi hiyo iliigizwa na Renee O'Connor. Kila yanapomalizika mapigano, Gabrielle huketi akaandika yaliyojiri katika hati za kukunja. Yeye ndiye ufunguo wa mambo yote nitakayoyaeleza, kwa sababu katika kila kipindi mtazamaji alimwona shabiki wa Xena akimgeuza Xena kuwa fasihi.

Tena, mfululizo wenyewe ulikuwa mkopaji mkubwa. Watunzi wake waliingia katika ghala la masimulizi ya dunia wakachukua walichokipenda bila kuomba radhi kwa kalenda. Xena anafika Troy wakati wa vita na kukutana na Helen. Anasulubiwa kwa amri ya Julius Caesar. Anakwenda Uchina, India na nchi za Kaskazini. Katika kipindi kimoja cha msimu wa kwanza, kilichoonyeshwa mwaka wa 1996, Gabrielle anakwenda Athens kushindania nafasi katika chuo cha malenga, na huko anakutana na kijana mwenye kipaji ambaye baadaye tunajua kuwa ndiye Homer. Gabrielle anashinda nafasi ile, kisha anaiacha na kumrudia Xena barabarani, kwa kuwa anaona ni heri kuyaishi masimulizi kuliko kuyasikia darasani. Mtu aliyechukua Troy kutoka kwa Homer, akamchukua Homer mwenyewe akamfanya mwanafunzi wa chuo, hana msingi wa kumkemea mtazamaji anayemchukua Xena. Watayarishaji wa mfululizo huo walikuwa mashabiki wa visasili kabla ya kupata mashabiki wao wenyewe.

Nao mashabiki hao hawakukawia. Mfululizo ulianza wakati intaneti ilipokuwa ikiingia majumbani Marekani na Ulaya, na wapenzi wa Xena walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuitumia kwa wingi kusambaziana hadithi. Waliandika visa vifupi, riwaya, mashairi na vichekesho. Waandishi hao hawakujiita mashabiki tu, bali walijiita malenga, kwa kumfuata Gabrielle. Wengine walishona maleba ya ngozi na shaba na kuyavaa kwenye makongamano. Wengine walichukua vipande vya vipindi, wakavikata na kuviunganisha kwa kufuata wimbo fulani, na hivyo wakapata kisa kipya kutokana na picha za kale. Wengine wakawa wahakiki: mwaka wa 1996 lilianzishwa jarida, Whoosh!, ambamo watazamaji waliandika makala kuhusu visasili, historia, maadili na usawiri wa wanawake katika mfululizo huo. Mimi niliyezoea kuambiwa kwamba uhakiki ni kazi ya wenye shahada, nilifurahi kujua kwamba jarida la uhakiki laweza kuendeshwa na watu wanaofanya kazi nyingine mchana na kuandika usiku, bila malipo, kwa sababu tu wanakipenda wanachokihakiki.

Ubunifu ulionishangaza zaidi ulitokana na kipindi kimoja cha Januari 1997 kiitwacho "The Xena Scrolls". Ndani yake tunawaona wanawake wawili wa miaka ya 1940, mmoja mwanaakiolojia, wakichimbua hati za Gabrielle kule Masedonia. Wao ni vizazi vya mashujaa wetu wawili. Mwishoni mwa kipindi hicho, hati zile zinamfikia Rob Tapert, mtayarishaji halisi wa mfululizo, naye anashawishika kuzigeuza kuwa kipindi cha televisheni. Huo ulikuwa mzaha wa watunzi, lakini mashabiki waliuchukua kwa dhati. Walijiuliza: iwapo Xena na Gabrielle waliweza kurudi katika miaka ya 1940 wakiwa na majina mengine, nani atawazuia kurudi popote? Ukazuka utanzu mzima wa hadithi za namna hiyo. Mrefu mwenye nywele nyeusi na siri moyoni alikutana na mfupi mwenye moyo mweupe na maneno mengi, mara katika hospitali ya Marekani, mara katika meli ya maharamia, mara katika ofisi ya mji wa kisasa. Majina yalibadilika, kiini kikabaki. Baadhi ya hadithi hizo baadaye zilichapishwa zikawa vitabu vinavyojitegemea, kwa kuwa hakukuwa tena na jina wala mahali pa kudaiwa na kampuni. Uanagenzi ulikuwa umezaa mafundi.

Nimesema mengi ya ng'ambo. Niseme nilivyomjua Xena mimi. Mwaka wa 1999 nilikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni ya wasichana. Shuleni hapakuwa na televisheni ya wanafunzi, na wengi wetu hata nyumbani hatukuwa nayo. Lakini tulikuwa na mwenzetu mmoja ambaye mjomba wake alikuwa na duka la kukodisha kanda za video. Kila aliporudi kutoka likizo, taa zikishazimwa na matroni akishapita, tulimzunguka kitandani pake atutambie aliyoyaona. Tulimpa jina la Fanani, na mpaka leo ndilo ninalomwitia.

Fanani hakuwa ameviona vipindi vyote, wala hakuviona kwa mpangilio. Palipokuwa na pengo alilijaza mwenyewe, na kadiri mihula ilivyopita mapengo yakawa ndiyo hadithi. Xena wake alivuka mto Tana wakati wa mafuriko. Alipambana na wezi wa mifugo. Gabrielle alikuwa msichana aliyekatizwa masomo darasa la saba. Usiku mmoja Fanani alisimulia jinsi Xena alivyofika katika kijiji ambako msichana wa umri wetu alikuwa akiozwa kwa mzee, mahari ikiwa imekwisha kuliwa. Xena akawatawanya wapambe wa bwana harusi, kisha akamwekea baba wa msichana upanga shingoni.

Hapo msichana mmoja alimkatiza. Sote tulijua kwamba dada yake alikuwa ameachishwa shule mwaka uliotangulia. Alisema kwa sauti ya chini, "Asimuue. Baba ni baba. Mwache aaibike, lakini asiuawe." Mwingine akadakia kwamba aibu haijawahi kumrudisha mtoto shule. Tulibishana hadi karibu usiku wa manane, kwa minong'ono, wengine wakilia. Usiku uliofuata Fanani aliibadilisha hadithi. Xena aliushusha upanga, na Gabrielle akasimama mbele ya wazee akazungumza, na maneno aliyoyasema yalikuwa yale tuliyoyasema sisi. Nimesoma tamthilia nyingi tangu hapo zinazozungumzia elimu ya mtoto wa kike. Hakuna iliyonifikia kama ile, kwa maana ile tuliitunga sisi wenyewe tuliokuwa tukiyahofia hayo.

Fanani alianza kuviandika visa vile katika daftari, kwa Kiswahili safi kuliko kile cha insha zake za darasani. Siku moja mwalimu alilikuta daftari lile wakati wa maandalio ya jioni. Alisoma ukurasa mmoja, akauliza Xena ni nani, na alipojibiwa akatangaza mbele ya darasa kwamba huko si kutunga bali ni kunakili mambo ya Wazungu, na kwamba mwizi wa kalamu hana tofauti na mwizi wa kuku. Alilichukua daftari na halikurudi. Fanani hakuandika hadithi nyingine hadi tulipomaliza kidato cha nne. Simwandiki mwalimu huyo kwa nia ya kumsuta, kwa sababu alisema jambo ambalo hata leo lasemwa na wasomi waliobobea. Nataka kulijibu jambo lenyewe.

Je, shabiki ni mwizi? Tuanze na tofauti iliyo wazi. Mwizi wa maandishi huficha alikotoa. Shabiki hutangaza. Ilikuwa desturi ya malenga wa Xena kuanza hadithi zao kwa kueleza kwamba wahusika ni mali ya kampuni iliyowatayarisha, na kwamba hadithi haikuandikwa kwa ajili ya kujipatia fedha. Mwizi hutaka msomaji asikijue cha awali. Shabiki humtegemea msomaji anayekijua sana, la sivyo utamu wote hupotea. Sheria nayo ina la kusema: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001, kama zilivyo sheria za nchi nyingine nyingi, humpa mwenye kazi mamlaka juu ya wanaotaka kuigeuza kazi yake. Siyabezi mamlaka hayo. Mwandishi naye lazima ale. Hata hivyo, swali la nani auze hadithi ni tofauti na swali la nani aruhusiwe kuiwaza, na mwalimu wetu aliyachanganya hayo mawili.

Isitoshe, ushairi wetu wenyewe unamtetea Fanani. Tunao utanzu wa takhmisa. Mtunzi huchukua beti za mshairi aliyemtangulia, akaongeza mishororo yake hadi kila ubeti ukawa na mishororo mitano. Sayyid Abdallah bin Nasir, ambaye ndiye mtunzi wa Al-Inkishafi, alifanya hivyo kwa shairi linalonasibishwa na Fumo Liyongo, na matokeo yake ndiyo Takhmisa ya Liyongo. Hakuna mhakiki aliyemwita mwizi. Tunasema alimheshimu Liyongo kwa kupanda naye ngazi moja. Hali kadhalika, Muhammad Kijumwa alipoutunga utenzi wake wa Fumo Liyongo mwaka wa 1913, hakubuni shujaa mpya. Alimchukua shujaa aliyekuwa amekwisha kusimuliwa na vizazi vingi vya pwani, akamvisha vazi la utenzi. Tofauti kati yake na malenga wa Xena ni kwamba Liyongo hana kampuni. Kwa upande wa sanaa, mikono ni ile ile.

Tena wenye Xena wenyewe hatimaye walikiri hivyo. Melissa Good alikuwa mmoja wa malenga mashuhuri wa hadithi za mashabiki. Watayarishaji walimwendea na kumwomba aandike vipindi vya msimu wa sita. Viwili alivyoviandika, "Coming Home" na "Legacy", vilionyeshwa mwaka wa 2000, na cha kwanza ndicho kilichofungua msimu. "Legacy" hufanyika jangwani Afrika ya Kaskazini. Gabrielle anamuua kijana asiye na hatia kwa kudhani kuwa anakuja kumdhuru Xena, kisha analazimika kuyakabili makabila mawili na dhamiri yake. Hicho si kisa chepesi. Ni kisa cha mtu aliyewatazama wahusika hao kwa miaka mingi na kuwauliza swali ambalo hawakuwa wameulizwa: mpole akimwaga damu kimakosa, ubaki wapi upole wake? Fani hiyo Good aliipata katika kuandika bure, kwa wasomaji waliomjibu kila sura.

Hata hivyo, sitaki nionekane kuwa naupamba ushabiki kupita kiasi. Wenye kupenda hugombana, na mashabiki wa Xena waligombana sana. Mjadala mkubwa zaidi ulihusu uhusiano wa Xena na Gabrielle. Kuna waliousoma kama urafiki wa chanda na pete, na kuna waliousoma kama mapenzi kamili. Watayarishaji waliujua mjadala huo, wakawa wakitia katika vipindi ishara ambazo kila upande ungeweza kuzidai kuwa ushahidi wake. Mwanafunzi wa Kiswahili hapaswi kushangaa. Neno "shoga", ambalo kwa wanawake wa pwani limekuwa jina la rafiki mwandani wa kike, mitaani limepewa maana nyingine, na anayelisikia ndiye anayeamua amesikia nini. Wapo wanawake wengi katika miaka ya 1990 ambao hawakuwa wamewahi kuyaona maisha yao katika televisheni ila kwa mzaha, na kwao usomaji ule wa pili haukuwa mchezo. Lakini baadhi ya mashabiki wa pande zote mbili walisahau kwamba kusoma si kumiliki, wakatoleana maneno makali. Shabiki anayemnyima mwenziwe haki ya kutafsiri amejigeuza kuwa mwalimu yule wa daftari.

Ukopaji nao una mipaka. Mwaka wa 1999 kipindi kiitwacho "The Way" kiliwaonyesha Krishna na Hanuman kama wahusika katika kisa cha Xena huko India. Baadhi ya Wahindu walilalamika, nao wenye kipindi wakakiondoa, kisha baadaye kikaonyeshwa tena baada ya kuhaririwa. Wapo mashabiki waliokasirika kwamba kipindi kiliondolewa. Mimi nawaelewa wote wawili. Zeus hana tena hekalu linaloswaliwa na mamilioni, Krishna analo. Kuna tofauti kati ya kucheza na mali ya kampuni na kucheza na anayeabudiwa na jirani yako. Mtunzi anayechukua anapaswa kumtazama usoni anayechukuliwa. Malenga wa kweli huijua adabu hiyo, kama vile mtambaji anavyojua ni ngano gani isiyotambwa mbele ya wakwe.

Naufikia mwisho, kwa kuwa Xena naye aliufikia. Katika Juni 2001 mfululizo ulifungwa kwa kisa cha sehemu mbili, "A Friend in Need". Xena anakwenda Japani, anauawa, na roho yake inapewa nafasi ya kurudishwa hai. Anakataa. Kurudi kwake kungezinyima ukombozi roho 40,000 za watu waliokufa kwa sababu yake zamani. Gabrielle anaondoka peke yake na majivu. Kisanaa, mwisho huo una mantiki: hadithi ya toba imelipwa kwa gharama yake kamili. Lakini mashabiki wengi waliupokea kama usaliti. Walikuwa wamemfuata kwa miaka sita mwanamke aliyesema kwamba mtu aweza kubadilika na kuishi, kisha wakaambiwa kwamba malipo ni kifo.

Walifanya nini? Waliandika. Waliandika hadithi ambazo Xena anafufuliwa. Waliandika hadithi ambazo hafi kabisa. Makundi mengine yaligawana kazi kama ofisi ya watunzi, yakaandika msimu wa saba na iliyofuata, kipindi baada ya kipindi, kwa muundo wa mswada wa televisheni, ingawa walijua hakuna kamera itakayowashwa. Nikiwaza hayo hukumbuka habari ya Liyongo, aliyechomwa na mwanawe sindano ya shaba kitovuni. Alikwenda kisimani, akapiga goti, akatia mshale upindeni na kufa katika hali hiyo. Na watu wa mji wakaogopa kuteka maji, wakidhani yu hai. Shujaa anayependwa ndivyo afavyo. Mtunzi husema amekufa, na watu hukaa mbali wakimtazama, kwa kuwa bado amepiga goti.

Wala si mashabiki wa kuandika tu waliomkumbuka. Mwaka wa 2005 wanafalaki wa Marekani waliokuwa na Mike Brown walitangaza kuwa wamegundua kitu kikubwa kinachozunguka jua mbali kupita Pluto. Kabla ya kupata jina rasmi walikiita Xena, na mwezi wake wakauita Gabrielle. Ugunduzi huo ndio uliochochea mjadala uliomalizika kwa Pluto kuondolewa katika orodha ya sayari kubwa mwezi wa Agosti 2006. Mwezi uliofuata majina rasmi yalitolewa: Eris, mungu wa fitina wa Wayunani, na Dysnomia, ambalo maana yake ni hali ya kutokuwa na sheria. Anayejua jina la ukoo la mwigizaji wa Xena humaanisha nini kwa Kiingereza atatambua kwamba wanafalaki nao walikuwa wametoa takhmisa yao.

Sisi tunapata nini katika haya yote? Leo vijana wetu wana mifululizo mingi ya kufuata kuliko tuliyokuwa nayo, ya Marekani, ya Korea, ya Uturuki, na ya hapa nyumbani. Wanakesha wakiitazama na kubishana juu yake. Wazee husema wanapoteza wakati, na wakati mwingine ni kweli. Lakini kuna hatua moja tu kati ya mtazamaji anayelalamika kwamba kisa kimeisha vibaya na mtunzi anayekaa chini akakimaliza vizuri, na hatua hiyo ni kalamu. Anayekopa wahusika hupunguziwa mzigo wa kuumba ulimwengu, akabaki na nafasi ya kujifunza mazungumzo, taharuki, muundo wa tukio na mwisho. Akizimudu, ataumba wa kwake. Na akiandika kwa Kiswahili, lugha hulazimika kunyooka na kutafuta maneno ya panga, ya majoka, ya barafu na ya sayari, maneno ambayo insha zetu za mitihani hazijawahi kutudai.

Kwa hivyo nina ombi kwa chama hiki na kwa wenzangu wengi ambao tutakuwa, au tayari tu, walimu. Siku moja utamkuta mwanafunzi akiandika chini ya dawati kisa cha mhusika ambaye hakumbuni yeye. Muulize amemtoa wapi, ndiyo, na umfunze kulitaja jina la mwenye kazi. Kisha muulize swali la pili, ambalo mwalimu wetu hakumuuliza Fanani: "Wewe umeongeza nini?" Msikilize ajibu, halafu mrudishie daftari lake.